Jumapili Sita za Moyo wa Ng'ombe

Ukimwona mtu amesimama mlangoni mwa chumba cha sumaku, anajipapasa mifuko, kiuno, kifua, mpaka nyuma ya masikio, kama aliyepoteza ufunguo wa nyumba, ujue huyo nimemfundisha mimi, au amefundishwa na niliyemfundisha. Ninyi wadogo zangu mnaoingia sasa kwenye kazi ya kuhudumia mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nasikia mmepewa kijitabu. Kisomeni. Mkimaliza njooni mnisikilize, maana kijitabu kile hakikuandikwa na mtu aliyewahi kunyang'anywa ndoo na sumaku.

Nimeacha kazi nina miaka arobaini na minane. Msinicheke kwamba nimestaafu mapema. Mgongo wa kuinua wagonjwa una kalenda yake. Na miguu yangu haijawahi kukubali kukaa. Kabla ya kituo cha picha nilikwishakata mkonge, nikawakatia watu tiketi kivukoni Pangani, nikauza nazi, nikapaka rangi nyumba za watu mtaa wa Mabawa. Cheti changu ni cha kidato cha nne na hakina alama za kumwonyesha mgeni. Haya nayaandika nikiwa Pangani. Ijumaa ijayo sijui nitaswalia wapi. Lakini kazi moja ilinishika miaka kumi na miwili bila kunichosha, nayo ni hii. Na ndani ya miaka hiyo zipo Jumapili sita ambazo nikizikumbuka hata leo natembea kifua mbele.

Nianze na chuma, kwa sababu kila kitu kinaanza na chuma.

Sumaku ile haizimwi. Inavuta mchana, inavuta mmelala, inavuta hata kama hakuna mgonjwa. Kazi ya mhudumu ni kuhakikisha hakuna chuma kinachovuka mlango. Sasa kosa la wageni wote ni kumwuliza mgonjwa, "Una chuma chochote mwilini?" Niliwahi kumwuliza hivyo bibi mmoja aliyeletwa kutoka Pongwe.

"Sina, mwanangu."

"Hakika, bibi?"

"Chuma mimi nikipeleke wapi? Mimi fundi gereji?"

Tunafika mlangoni, nasikia kitu kinalia kiunoni mwake. Pindo la kanga limefungwa fundo, ndani ya fundo mna funguo saba.

"Bibi, na hizi?"

"Hizo si chuma. Hizo funguo za kabati langu."

Tangu siku ile siulizi chuma. Nauliza kwa majina: funguo, sarafu, pini za mtandio, kipini cha pua, hirizi, jino la bandia, wembe wa kukatia kucha. Mtu hajui kwamba amebeba chuma, lakini anajua kwamba amebeba funguo. Shikeni hilo. Kijitabu hakilisemi.

Mwenyewe nililijua hilo vizuri, na bado nikafanya la kwangu. Nitalifikia.

Kituoni kwetu, Tanga mjini, alikuja daktari wa moyo, Daktari Thuwaiba. Mtoto wa Tanga hasa. Babu zake walitoka Omani, wakafungua duka la vitambaa Ngamiani, na wajukuu bado wanajulikana kwa duka hilo. Alikuwa mfupi, anasema haraka, na chai yake ni ya tangawizi kali mpaka unatoka machozi. Alikuja na jambo ambalo hakuna kwetu aliyekuwa amelisikia. Alitaka kuona nyuzi za msuli wa moyo. Moyo wenyewe tulikuwa tunauona kila wiki, unadunda kwenye kioo cha kompyuta. Yeye alitaka nyuzi: nyama ya moyo imefumwaje, uzi huu umelala upande gani, ule umejipinda vipi.

Alinieleza tukiwa tunakunywa hiyo chai yake.

"Kaka Mhina, wewe umefanya kazi ya mkonge. Ukichovya singa za mkonge kwenye maji, maji yanakwenda wapi?"

"Yanafuata singa."

"Hayakati katikati?"

"Yakate yaende wapi, Daktari? Yanapanda na uzi."

"Basi umekwisha elewa. Ndani ya nyama ya moyo mna maji. Hayatulii, yanatangatanga muda wote, ila yanaona wepesi kuufuata uzi kuliko kuukata. Mashine hii ukiiamuru vizuri inatambua maji yanatangatanga kuelekea wapi. Ukijua njia ya maji, umejua njia ya uzi. Bila kisu."

Nikamwuliza ni ya nini. Akaniambia watu wetu wengi wana presha. Moyo unasukuma dhidi ya mzigo, unanenepa, mwisho unachoka. Alitaka kujua nyuzi zinaanza kuvurugika lini, kabla mtu hajaanguka. "Lakini siwezi kumsoma mgonjwa kama sijawahi kumsoma mzima," akasema. "Kwanza nipate ramani ya moyo mmoja mzima, nyuzi zote, ndani mpaka nje. Wa ng'ombe utanitosha kuanzia."

Mkurugenzi wa kituo alikuwa mtu wa haki, ila mgumu kuamini. Alimjibu mbele yetu: "Kazi hii wanaifanya wenzetu wenye mashine kubwa kuliko hii, na watu kumi nyuma ya kila mashine. Wewe una Mhina. Nakupa Jumapili sita, siku ambayo mashine haina wagonjwa. Ya sita nitakuja mwenyewe. Nikiiona ramani, Jumapili ni zako. Nisipoiona, zinarudi kwa wagonjwa, nawe unarudi wodini, na habari ya nyuzi nisiisikie tena."

Daktari Thuwaiba akasema, "Sita zinatosha."  Alikuwa amekataa kazi nzuri mjini kwingine kwa ajili ya jambo hili.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Jumatatu naamkia machinjioni, naleta moyo. Tunausafisha damu kwa kupitisha maji ya dripu kwenye mshipa mkubwa, halafu unakaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, mpaka Jumapili ili nyama isioze wala nyuzi zisilegee. Jumapili unaingia mashineni, kwa muda wa saa nne au tano hivi, umetulia tuli.

Jumapili ya kwanza niliiua mimi. Nyumbani tulikuwa na ndoo mbili, ya plastiki na ya bati. Ya plastiki ni ya maji ya kunywa. Mke wangu akaniuliza kama nina akili timamu, nitie moyo wenye dawa ya maiti humo. Nikachukua ya bati. Mimi, mpekuzi wa mapindo ya bibi za watu, nikaingia chumba cha sumaku na ndoo ya bati mkononi! Ndoo ilinitoka kama imeitwa jina. Moyo ukaruka huku, fomalini ikamwagika kule, ndoo ikajibandika kwenye mdomo wa mashine kama ilizaliwa hapo. Tuliivuta watu watatu kwa kamba ya mkonge mpaka adhuhuri. Hakuna aliyeumia, mashine nayo haikudhurika, ila siku ilikwisha.

Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa nina tano."

Ya pili ilikufa kwa sababu ya sheria. Mkaguzi wa nyama machinjioni alikuwa Mzee Sechonge, Mbondei, mwenye gambuti nyeupe kuliko koti la daktari. Sheria inamtaka aupasue kila moyo wa ng'ombe aangalie kama una vijifuko vya minyoo tegu. Hajawahi kuuacha hata mmoja, hata ule ulioruka na ndoo, ila ule hatukufika kuupiga picha. Moyo ukifika mkononi mwangu ulikuwa umefunguka kama kitabu. Tuliujaribu hivyo hivyo. Picha ikatoka vipande viwili visivyojuana. Daktari akasema moyo uliopasuliwa ni sawa na kamba iliyokatwa, huwezi kuujua msokoto wake.

Nikaenda kwa Mzee Sechonge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo tena moyo?"

"Leo nataka usiopasuliwa."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Mhina, mimi nimepasua mioyo tangu wewe unanyonya. Moyo usiopasuliwa hauliwi na mtu hapa Tanga."

"Hauliwi, mzee. Unakwenda mashineni."

"Mashine nayo ikiumwa tegu je?"

Wachinjaji wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ukikasirika machinjioni unazeeka hapo hapo. Tulikaa naye mpaka akapata njia. Angeuandikia moyo ule kwamba haufai kuliwa na binadamu, augonge muhuri, na mimi kila Jumatatu nimrudishie ule wa wiki iliyopita auone kwa macho yake ukichomwa shimoni. Alipokuwa anagonga muhuri alitikisa kichwa. "Miaka yote naandika 'haufai' kwa moyo mbovu. Leo nauandikia huu, mzuri kama bibi arusi. Mwenyezi Mungu anisamehe." Lakini aliandika. Wadogo zangu, mtu wa sheria msimkimbie wala msimzunguke. Kaeni naye chini. Mara nyingi anaijua njia ambayo nyinyi hamuijui, anasubiri tu kuulizwa.

Basi wiki ya tatu tukawa na moyo mzima. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ubaya wake mkubwa haukuwa kosa lenyewe.

Mimi nimelelewa na mama ambaye nyama haivuki kizingiti chake bila ndimu. Kuku, samaki, ini, utumbo, chochote. Kwanza ndimu na chumvi, ukisugue, ukisuuze, shombo liondoke. Mtoto wa Pwani hafundishwi jambo hilo, anazaliwa nalo mkononi. Ile Jumatatu nimeufikisha moyo kituoni, unanuka machinjio. Daktari yuko wodini. Nikaona aibu kumpokeza mtu wa heshima kitu kichafu. Nikaagiza ndimu nne kwenye genge la jirani, nikausugua moyo ule nazo pamoja na konzi ya chumvi mpaka ukang'aa, nikauacha ukae kidogo, nikausuuza, nikautia kwenye fomalini. Wiki ya nne nikafanya hivyo hivyo. Nilijiona mtu mwenye bidhaa safi.

Picha ya Jumapili ya tatu ilitoka nusu. Ndani ya moyo nyuzi zilionekana, zimelala vizuri, zina rangi zake, maana kompyuta inaupa kila uelekeo rangi. Lakini ukitoka nje ya ukuta wa moyo, rangi zilivurugika, vumbi tupu, kama mtu amekanyaga mkeka ulioanza kusukwa. Daktari akadhani moyo ulitikisika. Ya nne akaubana kwa sponji. Vumbi lile lile, unene ule ule.

Alinionyesha kwa kidole kwenye kioo. "Angalia, Kaka Mhina. Kama ganda. Kitu gani kinaharibu nje tu?"

Nikaangalia, na nikajua. Unene ule niliutambua. Ni unene wa nyama iliyolala kwenye ndimu, pale inapogeuka kijivu kabla hujaitia sufuriani. Ndimu inapika bila moto, kila mpishi wa Tanga anajua.

Nilijua, na nikanyamaza.

Nawaambia hili bila kujipamba. Nilikuwa mhudumu mwenye cheti cha kidato cha nne, nimekwisha kuiua Jumapili ya kwanza kwa ndoo. Niliogopa kuambiwa rudi kwenye nazi zako. Nikasema moyoni, nitaacha ndimu kimya kimya, wiki ijayo picha itatoka, hakuna atakayejua.

Kumbe Daktari alikuwa amekwisha kuamua kwamba mashine ndiyo mbovu. Hakutaka moyo tena Jumapili ya tano. Alitaka kuipima mashine kwanza, kwa kitu ambacho nyuzi zake zinajulikana. "Niletee singa za mkonge," akaniambia. "Zilizonyooka, na nyingine uzisokote kamba. Tuziloweke, tuone kama mashine inasoma msokoto."

Nilizisokota usiku ule kwa mikono yangu, na Mungu ananijua, nilikuwa naomba mashine iwe na kosa. Nilitaka chuma kile kibebe dhambi yangu.

Jumapili ya tano singa zikaingia. Zilizonyooka, mashine ikasema zimenyooka. Za kusokotwa kulia ikasema kulia, za kushoto ikasema kushoto. Haikukosea hata uzi mmoja. Daktari Thuwaiba akaangalia kioo kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na hilo kwa mtu kama yule hujawahi kuliona.

"Mashine ni nzima," akasema. "Basi mimi ndiye nisiyeijua kazi. Mkurugenzi alisema kweli."

Nilikuwa naweza kuvumilia kufukuzwa. Lile sikuweza.

"Daktari, si wewe. Mimi nimeuosha kwa ndimu."

"Umeosha nini?"

"Moyo. Wa wiki ya tatu na wa wiki ya nne. Ndimu na chumvi."

Akaivaa tena miwani. 

"Ndimu ngapi?"

"Nne."

"Kitunguu saumu hukutia?"

"Hapana, Daktari."

"Alhamdulillahi. Tungebakiza kuupika tu." Nikadhani amesamehe. Hakuwa amesamehe. Akainuka, akanisogelea, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulijua lini?"

"Wiki iliyopita. Uliponionyesha."

"Ndimu ni kosa la mtu safi, Kaka Mhina. Hilo nimelipokea, hata mama yangu angefanya. Lakini leo ningekuwa na moyo mle ndani. Umeniacha nipime kamba Jumapili nzima, na wewe unazisokota, na unajua."

 Nawaachia ninyi: kosa lililosemwa siku yake linachukua dakika tano. Hili langu lilichukua siku moja kati ya sita za mtu mwingine. Mkikosea, semeni mkiwa bado mmesimama mahali mlipokosea.

Aliniambia niende nyumbani. Nimefika mlangoni akaniita. "Kesho alfajiri uko wapi?"

"Popote utakaponiambia."

"Machinjioni. Na ukinunua ndimu nitakupeleka polisi."

Imebaki Jumapili moja. Na hata bila ndimu tulikuwa na tatizo jingine: mashine ile ikifanya kazi hiyo inatetema, na moyo unaoelea kwenye maji unatetema nao. Sponji haikutosha. Daktari alisema wenzake huko nje wanauzamisha moyo kwenye jeli maalumu inayoganda, unakaa kama nanasi ndani ya kopo. Jeli hiyo ikiagizwa ingefika baada ya siku zetu kwisha.

"Inatengenezwa kwa kitu gani?" nikauliza.

"Mwani."

Nikacheka mpaka akaniangalia vibaya. "Daktari, jirani yangu anauza mwani kwa bakuli."

Jirani yangu Mabawa alikuwa Bi Mboja, Mpemba, mjane, miguu imejaa makovu ya kazi ya pwani. Mwani alianza kuulima kwao, akahamia Tanga na ujuzi wake. Alikuwa anauchemsha, anautia sukari na iliki na tui, anaugandisha kwenye vibakuli, watoto wanagombea. Nilikwenda na Daktari mwenyewe, jioni ya Jumatatu. Tukapokelewa kwa mkeka.

"N'ambie, weye," Bi Mboja akanigeukia baada ya kusikiliza yote, "wataka nigandishe mwani bila sukari?"

"Bila sukari."

"Bila iliki?"

"Bila."

"Ndani ukatiwe moyo wa ng'ombe."

"Ndiyo, bibi."

Akamgeukia Daktari. "Binti yangu, huyu hamna kwao mtu wa kumwombea?"

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya singa. Kisha akaeleza mwenyewe, kwa subira, habari ya nyuzi na maji. Bi Mboja akasikiliza, mkono shavuni, halafu akainuka akaingia jikoni, akarudi na kifumbu chake cha kukamulia nazi, kile cha kusukwa kwa ukili. Akakishika juu na chini, akakisokota.

"Ukitaka tui litoke lote hukifinyi kwa ngumi," akasema. "Wakisokota. Huku waenda hivi, huku waenda hivi. Huo moyo wenu hausokoti?"

Daktari Thuwaiba akakipokea kifumbu, akakisokota mwenyewe. Kisha akasema polepole, "Unasokota, bibi. Ndivyo tunavyoamini. Nyuzi za ndani zimeinama huku, za nje zimeinama kule, kwa hiyo ukijikaza unajisokota. Hicho ndicho ninachotaka kukionyesha."

"Basi nyote mwajua, mwatafuta picha tu. Nleteeni ndoo. Ya plastiki," akaongeza, na mimi nikajua kwamba habari yangu imekwisha kufika Mabawa.

Alitupikia wiki nzima. Wa kwanza ukawa mwepesi, wa pili ukapasuka, wa tatu ukasimama. Lakini kazi yenyewe ilikuwa mapovu. Povu moja dogo ndani ya moyo linaonekana mashineni kama shimo jeusi, na nyuzi zote za karibu zinavurugika. Sikilizeni namna tulivyofanya, maana hili ni la mikono, na mikono haina kijitabu. Mwani ukishachemka, usiumimine. Uache utulie, mapovu yapande, uyaengue kwa mwiko wa mbao. Ngoja uwe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Umimine ukiteremka kwenye mgongo wa mwiko, usidondoke. Moyo uingize umelala ubavu, mishipa inatazama juu, uuzamishe ukiuinamisha polepole kama mtu anayejaza mtungi kisimani bila kutaka ulie. Utaona povu linatoka, na jingine, na jingine dogo kama mbegu ya ufuta. Usichoke. Bi Mboja aliniambia, "La mwisho lajificha. Ipige ndoo kofi." Nikaipiga ndoo ubavuni kwa kiganja, na kweli likatoka.

Moyo wa wiki ile niliusafisha kwa maji ya dripu tu, Daktari amesimama nyuma yangu. Mzee Sechonge alikuwa amenichagulia wa fahali kijana, akisema, "Huu usipotoka, shida si ya ng'ombe." Ulinuka machinjio. Niliacha unuke.

Jumapili ya sita tuliingia asubuhi. Nilijipapasa mara tatu. Ndoo ya plastiki nikaiweka ndani ya kifaa anacholazia mgonjwa kichwa akipigwa picha ya ubongo, nikaikaza kwa mito ya mchanga, nikatoka, mlango ukafungwa. Mashine ikaanza kugonga. Wengi wanasema ni kelele. Mimi baada ya miaka ile nilikuwa nasikia kama kinu cha watu wawili wanaopokezana. Ukisikia mwendo umebadilika, jua kuna jambo. Saa ya kwanza haukubadilika. Ya pili haukubadilika. Daktari hakukaa hata mara moja. Mimi nilikuwa nasali kwa midomo.

Mkurugenzi alifika adhuhuri imepita, amevaa kanzu, ametoka kwenye harusi ya jamaa. Akavuta kiti bila neno. Mashine ikanyamaza. Kompyuta ikaanza kuhesabu, mstari mdogo unajaa kidogo kidogo, na katika maisha yangu sijaona kitu kinachokwenda taratibu kuliko mstari ule, nami nimesubiri kivuko Pangani siku ya mvua.

Kisha moyo ukaja.

Ulikuja wote. Ndani nyuzi zimepanda zikiinama upande mmoja, rangi moja. Ukisogea katikati ya ukuta zinalala, zinauzunguka moyo kama kilemba. Ukitoka nje zinainuka tena, zimeinamia upande wa pili. Hakuna ganda. Hakuna vumbi. Hakuna shimo. Kutoka uzi wa ndani kabisa mpaka wa nje kabisa, zinageuka pole pole, kila safu imepishana kidogo na mwenzake, kama kamba iliyosokotwa na fundi ambaye hakuwahi kunyanyua mkono. Nilikuwa nimekaa na mkonge miaka, najua kamba nzuri nikiiona. Ile ilikuwa kamba nzuri kuliko zote.

Mkurugenzi alichukua kipanya mwenyewe. Akapita ndani kwenda nje. Akarudi. Akapita tena, akisimama kila hatua, akitafuta mahali nyuzi zinapokatika.

"Hapa kwenye ncha?" akauliza.

"Zimejikunja, zimeendelea," Daktari akajibu. "Songa mbele uone."

Akasonga. Akaona. Akapita mara ya tatu, sasa si kwa kutafuta kosa. Nilimwona kwa shingo yake, imelegea, ametazama tu.

"Nani ameuandaa moyo huu?"

Nikainama. Daktari Thuwaiba akasema, "Kaka Mhina. Na mzee mmoja wa machinjioni, na mama mmoja wa Mabawa anayepika mwani."

"Anayepika nini?"

"Nitakueleza."

"Andika majina yao wote kwenye taarifa," akasema Mkurugenzi. Akasimama, akakunjua kanzu yake. "Niliposema kazi hii ni ya mashine kubwa, nilikosea, na nasema mbele ya Mhina. Jumapili ni zako, Daktari. Tafuta moyo wa pili, kisha tuzungumze habari ya mioyo ya watu."

Hapo ndipo Daktari Thuwaiba, mtu wa miwani na koti jeupe, aliyesoma mpaka masomo yakachoka naye, alipoweka kiganja kando ya mdomo akapiga kigelegele. Kirefu, cha Ngamiani kabisa, cha kupokea bwana harusi. Kilipita vioo, kikapita korido, kikafika getini.

Mlinzi akaja mbio na rungu lake. "Kuna nini huku? Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa," nikamwambia. "Moyo wa ng'ombe umetoka mzima."

Akaniangalia mimi, akamwangalia Mkurugenzi aliyekuwa anafuta miwani yake kwa pindo la kanzu, akaangalia kioo kilichojaa rangi. Akalitua rungu chini ya meza.

"Basi piga tena, Daktari," akasema. "Hicho cha kwanza nimekisikia nikiwa mbali."

Akapiga tena.